Maji ya Arobaini Yanapoa

Wasomaji wangu, mara ya mwisho niliwaacha mlangoni, nami mwenyewe nikiwa mlangoni. Nimeshika ukuta, leso imenilegea kiunoni, namtazama wifi yangu Salha akimnyonyesha mwanangu.

Kwa aliyekosa gazeti, nitasema upesi. Mimi ni Mueni, binti wa Changamwe. Mama yangu ni Mkamba, auza maharagwe soko la Kongowea. Nilimfuata Hashim hadi kwao Mtongwe, nikasilimu, nikaolewa, na mama akakata simu akisema kama niliondoka bila kuaga, nizae pia bila kumwita.

Nikazaa. Uchungu ulinishika usiku na mchana, wauguzi wakanitembeza ukumbini huku na huku, na mwishowe mtoto akatoka kwa njia yake, bila kisu wala sindano. Kila mtu akanisifu. Walipomweka kifuani mwangu nikangoja moyo uruke kama wanawake wanavyosimulia. Haukuruka. Nilimwona kama mtoto wa jirani niliyeombwa nimshike kidogo.

Basi ilikuwa adhuhuri, nyumba imetulia, na mavyaa yangu Bi Mwanarehema, mama wa Hashim, yuko uani anachambua mchele. Salha, dada mkubwa wa Hashim, alikuwa amekaa mkekani, na mwanangu anavuta ziwa lake kwa bidii, kidole kimoja kimenasa kwenye dera.

Wengi mmeniandikia mkisema hapo mngempiga kofi. Mimi niliuliza, "Ameshiba?"

Salha alishtuka. "Mueni. Mbona umeinuka?"

"Nilitaka maji."

"Si ungeita. Mzazi hafuati maji."

Kwao mwanamke aliyetoka kujifungua ndiye aitwaye mzazi, na mzazi hafanyi lolote mpaka arobaini yake iishe. Hapiki, hafui, hainui ndoo. Mama yangu alinizaa na wiki hiyo hiyo akarudi sokoni, na mpaka leo ajisifia. Hapa nililetewa uji wa pilipili manga kitandani. Bi Kafedha, mkandaji, alikuja asubuhi na jioni kunikanda kwa maji ya moto, kisha akanifunga tumbo kwa mkaja, kitambaa kirefu kinachokazwa mpaka pumzi inakuwa ndogo.

Hashim hakuruhusiwa kuingia chumbani. Tulizungumza yeye nje ya pazia, mimi ndani. Mtoto aliletwa kunyonya, akishiba anachukuliwa. Pumzika, waliniambia. Nikapumzika. Nilipumzika mpaka sikujua tena mwanangu analala chumba gani.

"Wifi, usione vibaya," Salha akasema. "Mama ndiye aliyeniambia nimnyonyeshe. Alisema wewe umechoka, na mimi maziwa ninayo."

Alikuwa nayo kweli. Wiki chache kabla yangu Salha alijifungua mtoto wa kiume huko Tanga alikoolewa, na mtoto hakufika hata siku ya kunyolewa nywele. Akarudi kwao Mtongwe na maombolezo yake. Maziwa hayakuwa na habari kwamba hakuna mtoto.

Bi Mwanarehema alisikia sauti akaja, ungo mkononi.

"Mueni, mwanangu."

"Abee, Mama."

"Umeona. Nilitaka nikwambie mwenyewe. Si mara moja wala mbili. Sasa kwa dini yetu Salha ni mama yake wa kunyonya. Hapana dhambi hapo, ni kheri tupu."

"Haya," nikasema.

Hilo ndilo neno nililokuwa nalo siku hizo. Walipomnyoa nywele wakauliza kama jina la Athman nalipenda, nikasema haya. Walipomtia wanja, haya. Walipoleta supu nyingine juu ya supu ambayo haijashuka, haya. Mtu angekuja kuniambia nyumba inabomolewa jioni, angelipata hilo hilo. Nikanywa maji yangu nikarudi kitandani.

Nilimwambia mtu mmoja tu. Bi Kafedha alikuwa anaukaza mkaja, goti lake limekita kwenye godoro.

"Bi Kafedha, huyu mtoto mimi simhisi."

"Humhisi vipi?"

"Namwona tu. Akilia nasikia. Lakini hapa ndani hapana kitu."

Aliendelea kukaza. "Waambie wa kliniki siku ukenda. Usifiche, jambo hili huwapata watu."

"Arobaini ikiisha nitakwenda."

"Na mumeo mwambie."

"Nimwambie nini?"

Alichukua beseni lake akaenda zake, nami nikalala.

Alasiri moja Salha akaja na mahamri kwenye sahani, akakaa miguuni pangu. Hakuyagusa.

"Mueni, nikikuomba kitu nawe hukitaki, utaniambia hukitaki?"

"Nitakuambia."

"Mume wangu Mbwana yuwaja kunichukua siku utakayotoka arobaini. Nataka nirudi Tanga na Athman."

"Akatembee?"

"Nimlee. Awe mwanangu. Wewe u kijana, utapata wengine. Mimi daktari ashaniambia sitazaa tena."

Nilijitafuta ndani, kama mtu anayepapasa mkobani akitafuta ufunguo. Nilikuta usingizi.

"Hashim asemaje?"

"Asema ukikubali wewe, yeye hana neno. Mueni, mimi nililelewa na shangazi yangu kule Vanga. Hashim alilelewa na bibi. Kwetu mtoto hapotei, yuwazunguka humo humo."

Ilikuwa kweli. Nyumba ile nusu ya watu wazima walilelewa na asiyewazaa, na hakuna aliyeona haya kulisema.

"Haya," nikasema.

Salha aliinama akanibusu mkono. Machozi yake yaliniangukia kwenye kiganja, ya moto, nami nikayafuta kwenye shuka. Kisha nikala hamri moja kwa sababu lilikuwa karibu.

Hapo mtanitukana na haki mnayo. Lakini sikudanganywa, wasomaji wangu, nataka mlijue hilo. Niliulizwa mchana kweupe, kwa lugha niliyokulia nikiisema, macho yangu yako wazi. Nilimtoa mwanangu kama mtu anavyompisha mwenzake kwenye kiti.

Jioni yake pazia likatikisika.

"Nimesikia umekubali," Hashim akasema.

"Ndiyo."

"Una hakika?"

"Wewe unayo?"

"Ni dada yangu, Mueni. Wewe hukumwona alivyokuwa siku alipofika hapa. Hata kuchana nywele alikuwa hawezi."

"Haya."

"Usinambie haya. Nambie kitu."

"Kitu gani?"

Niliviona viatu vyake chini ya pazia, vimejaa vumbi la kazini. Kisha viatu vikaondoka.

Siku ya kutoka arobaini ilifika na sufuria za pilau uani tangu asubuhi. Wanawake wa mtaa walijaa mikekani. Bi Kafedha alichemsha maji ya kuniogesha, akatia majani yake na marashi, harufu ikafika hadi chumbani.

Nieleze maji hayo ni nini, maana sisi watu wa bara hatuna. Mzazi akishaoga maji ya arobaini huwa mtu kama watu wengine. Mumewe anaingia chumbani, naye anaingia jikoni, na mtoto anapelekwa popote. Kabla hajaoga, mtoto havuki kizingiti cha nyumba na mwanamume haingii kwa mzazi. Hata Mbwana, mume wa Salha, aliyekuja na gari na haraka zake, alilijua hilo. Alikaa barazani na kikombe cha kahawa, mabegi yashapakiwa, akingoja niloweshwe.

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, nimetulia. Walikuwa wameniambia jana yake, kesho utaoga kisha Athman atasafiri, nami nikajibu mnachokijua.

Salha akaingia na mtoto analia. Alivaa dera jipya la safari, lakini uso ulikuwa wa mtu asiyelala.

"Hataki," akasema. "Tangu alfajiri hataki ziwa langu. Nimembadilisha upande, nimembembeleza, ageuza uso. Hebu mpe wewe ashibe. Safari ni ndefu."

Nikampokea. Alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka. Alininusa, akapapasa kwa mdomo, akashika.

Ikaniuma. Maziwa yaliposhuka yalinichoma kutoka ziwani mpaka mgongoni, nikajikunja juu yake. Lilikuwa jambo la kwanza kulisikia mwilini tangu siku ile ya uchungu. Msidhani ilikuwa furaha, msije mkanisifu bure. Ilikuwa hofu. Nilihofu ataachia. Nilihofu atashiba.

Alinitazama kwa jicho moja huku akinyonya. Ndipo nikaona ana kishimo kidevuni. Mama yangu anacho, pale pale, upande kidogo. Siku zote hizo kishimo kilikuwepo na mimi sikuwa nimekiona.

"Mzazi," Bi Kafedha aliita kutoka uani. "Maji tayari. Toka uoge."

"Haya," nikasema kwa mazoea. Lakini sikuinuka.

Salha alinyoosha mikono. "Ashashiba. Nipe nimvishe."

"Sitaki."

"Hutaki nini?"

"Kuoga."

Yeye ni mwenyeji, alielewa kabla sijamaliza. Niliinuka na mtoto ziwani, nikavuta mlango nyuma ya pazia, nikasukuma komeo. Mlango wenyewe ni wa mbao za zamani, na komeo lake la chuma halikuwa limeguswa kwa muda mrefu. Lililia.

"Mueni," Bi Mwanarehema akaita. "Mbona mlango? Wageni washakaa."

"Abee, Mama. Nimefunga."

"Maji yapoa."

"Yapoe."

"Wataka yatiwe moto tena?"

"Sitaki kuoga leo, Mama."

"Utaoga lini basi?"

"Sijui. Lakini mlinifundisha wenyewe. Asiyeoga bado ni mzazi. Mtoto wake havuki kizingiti, na mwanamume haingii kwake."

Nilisikia mwiko ukiwekwa juu ya kifuniko cha sufuria. Kisha bibi mmoja akacheka na kukohoa, akasema, "Haya basi, wa bara katufundisha mila zetu," na mwenzake akamnyamazisha.

Hashim akaja mlangoni. "Mueni, fungua. Uliahidi."

"Niliahidi."

"Basi ni nini tena? Shemeji yuwangoja. Dada yangu yuwangoja."

"Uliniambia nikuambie kitu. Nakuambia sasa. Simtoi."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Siku ile sikuwepo, Hashim. Nilikuwa nimekaa hapa hapa na sikuwepo. Bi Kafedha alijua, wewe hukujua, na wewe ndiye mume wangu."

Nilisikia kiganja chake kikiegemea mbao. Mlango ule angeweza kuusukuma kwa bega moja, ni mtu wa kubeba mizigo. Lakini mama yake alimwahi.

"Hashim, rudi nyuma. Hajaoga."

"Mama, nawe?"

"Hajaoga, nimesema. Nimekasirika kuliko wewe, lakini humo huingii."

Nje gari likapiga honi. Mbwana alikuwa amechoka na kahawa.

Nikaegemeza mgongo mlangoni, nikashusha pumzi. Nitawaambia ukweli, nilijiona nimeshinda. Nilikuwa nimelala arobaini nzima na leo nimeamka, nikawafunga wote nje na mila yao wenyewe. Karibu nicheke.

Kisha nikamwona Salha. Sikuwa nimewafunga wote nje. Yeye nilimfungia ndani na mimi.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu. Taratibu alivua kiatu kimoja, kisha cha pili, akavisukuma chini ya kitanda kwa kisigino.

"Nitakufungulia utoke," nikasema. "Mumeo anakungoja."

"Sitoki."

"Salha, simtoi mtoto."

"Nimesikia. Nami pia sijatoka arobaini."

Nilidhani anashindana nami. Lakini hakuwa ananitazama. Alitazama beseni la Bi Kafedha pembeni, na vitambaa vyangu vilivyokunjwa juu yake.

"Nilipomzika," akasema, "mkandaji alikuja asubuhi yake, kama kawaida. Watu wa kwa mume wangu wakamrudisha mlangoni. Walisema hapana mtoto, hapana arobaini. Mchana nilichambua mchele wa watu waliokuja kunipa pole. Sikukandwa, Mueni. Sikufungwa tumbo hata siku moja. Humu tumboni mwangu mna baridi tangu siku ile, na jua lote hili la Mtongwe halijafika."

Akamtazama mtoto ziwani pangu.

"Na Athman lilikuwa jina lake. Mama aliniuliza kama mwanao anaweza kupewa. Nikasema ukubali mwenyewe mwenye mtoto. Ukakubali."

Nikakumbuka siku ile ya kunyoa nywele na haya yangu. Jina la maiti ya mwenzangu nililipokea kama supu, bila kuuliza limetoka wapi.

Kifua cha dera lake jipya kilikuwa kimelowa pande zote mbili. Changu kimelowa upande mmoja.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa umelala."

Nikaona aibu. Ilinijia moto usoni, aibu ya kweli, nikakaa chini. Hofu nilishaijua asubuhi ile. Sasa hii ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, na siku ilikuwa haijafika hata saa sita.

Mtoto aliachia ziwa. Nikamlaza katikati ya kitanda. Nikapeleka mkono kiunoni, nikatafuta ncha ya mkaja wangu nilipokuwa nimeuchomeka, nikaufungua mzunguko baada ya mzunguko. Kitambaa kilikuwa bado na joto la mwili.

"Lala chali," nikamwambia.

"Wafanya nini?"

"Nitakufunga. Lakini mtu hafungwi kabla ya kukandwa, Bi Kafedha asingekubali. Na maji yako uani."

Salha akalala. Alilala kama mgeni, miguu pamoja, mikono ubavuni, macho kwenye dari.

"Mueni."

"Naam."

"Hata ukinikanda, nitamtaka bado. Nisikudanganye."

"Najua."

"Ukifungua mlango ule nitamchukua, kama moyo utaniambia. Sijui utaniambia nini."

"Hata mimi wangu siujui," nikasema. "Ndiyo kwanza umeamka."

Uani Bi Kafedha alikohoa. "Jamani, haya maji yaenda kupoa kabisa. Niyamwage?"

"Usiyamwage," nikaita. "Nayataka."

"Waoga?"

"Hapana. Si yangu."

Minong'ono ikapita mikekani. Nikasikia ndoo ikiinuliwa, na hatua za Bi Kafedha zikija polepole, na nyuma yake viatu vya Hashim, na nyuma ya Hashim sauti ya Mbwana ambaye alikuwa ameacha gari na kuingia uani.

"Basi fungua," Bi Kafedha akasema. "Hayapiti mbaoni."

Nikageuka kumtazama Salha. Athman alikuwa ameanza kunung'unika, naye, bila kuinua kichwa, alinyoosha mkono akamvuta ubavuni kwake. Mtoto akanyamaza.

Nikashika komeo. Chuma kilikuwa baridi, na baridi yenyewe niliisikia mpaka kwenye kiwiko. Nikavuta.